Panya, Tumbili na Hofu Isiyonywea

Mwaka 1936 jarida la Nature lilichapisha barua fupi ya Hans Selye, mtafiti mzaliwa wa Vienna aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal. Selye aliwatia panya kwenye baridi, akawadunga sumu, akawachosha kwa mazoezi, na kila mara akakuta dalili zile zile: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya thaimasi imenywea, tumbo lina vidonda. Hali hiyo ndiyo tunayoiita leo msongo wa mawazo. Binafsi siipendi tafsiri hiyo. Neno "mawazo" humfanya aliyeelemewa aonekane kana kwamba ameyataka mwenyewe, na kwamba akiacha kuwaza atapona. Panya wa Selye walisongwa mwili.

Ubongo uliingia katika habari hii baadaye. Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walionyesha kuwa homoni itokayo kwenye tezi zile za juu ya figo hupenya hadi ndani ya ubongo wa panya na kujikusanya katika hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu za mahali na matukio. Mwaka 1992 maabara yake ikatoa habari nzito zaidi: panya waliobanwa saa 6 kwa siku, kwa siku 21, walikutwa na seli za hipokampasi zilizopungukiwa matawi. Kwa matawi hayo seli hupokea habari kutoka kwa jirani zake. Yaonekana kwa rangi aliyoivumbua Mwitalia Camillo Golgi mwaka 1873.

Je, panya huyo amekuwa mjinga? La hasha. Katika majaribio ya hofu, panya husikilizishwa mlio, kisha hupigwa shoti ndogo ya umeme. Baadaye akiusikia mlio peke yake, huganda. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kuwa panya waliosongwa kwa muda mrefu waliganda zaidi ya wenzao. Tena, dawa iliyozuia matawi ya hipokampasi yasipungue haikuizuia hofu hiyo. Chanzo chake, basi, kilipaswa kutafutwa kwingine.

Jibu lililonishtua mimi lilitoka Bangalore, India. Mwaka 2002 Sumantra Chattarji na wenzake waliwafunga panya wasijongee, saa 2 kwa siku kwa siku 10. Hipokampasi ilipoteza matawi, kama ilivyotarajiwa. Lakini katika amigdala, kitovu cha hofu, seli ziliota matawi zaidi. Mwaka 2004 wakaongeza swali ambalo kila mtawala angepaswa kuliuliza: mateso yakikoma, itakuwaje? Panya walipumzishwa siku 21. Matawi ya hipokampasi yakarejea. Ya amigdala yakabaki, na wasiwasi wa panya ukabaki nayo.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wanasiasa wetu, ambao ghasia zikitulia hutuhubiria kwamba yaliyopita si ndwele. Wanadhani utulivu ukirudi barabarani umerudi pia ndani ya watu.

Nitaambiwa kwamba panya si watu, na ni haki kuniambia hivyo. Wanasayansi wenyewe huwa waangalifu kuuvuka mpaka huo. Hata hivyo upo ushahidi wa karibu zaidi na sisi, kwa damu na kwa jirani. Mwaka 1989 zilichapishwa taarifa za tumbili waliokufa katika kituo cha utafiti wa nyani nchini Kenya. Hawa hawakufungwa na mtafiti yeyote ili wasongwe. Waliwekwa vizimbani pamoja na tumbili wengine, nao walikuwa wa daraja la chini. Miili yao ilikuwa na majeraha ya kuumwa na wenzao. Tezi zilikuwa zimevimba na matumbo yalikuwa na vidonda, sawa na panya wa Selye miaka mingi kabla yao. Bongo zao zilipopasuliwa, seli za hipokampasi zilikutwa zimeharibika.