Kwa nini taa ya tyubu hukonyeza kabla ya kuwaka

Leo naweka programu kando kidogo. Kila Juni na Julai hapa Eldoret, baridi ikishika, majirani huanza kunibishia mlango. Ati kwa kuwa nilisomea kompyuta, basi mimi ni fundi wa kila kitu chenye waya. Lalamiko ni lile lile: taa ya tyubu jikoni inakonyeza na kukonyeza, hadi ugali unakaribia kuiva ndipo iwake. Wengine huwa wameshanunua tyubu mpya na kutupa ile ya zamani, kumbe ilikuwa nzima. Na ndani yake mna zebaki, ambayo ni sumu. Hilo ndilo linaloniudhi, ndiyo maana naandika.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1926 Mjerumani Edmund Germer na wenzake waliomba hataza ya taa ya mvuke wenye shinikizo la juu kiasi, iliyopakwa unga wa kung'aa ndani ya kioo. Mwaka 1934 mwanafizikia Arthur Compton aliwaandikia General Electric kuwaeleza kwamba ameona Uingereza taa ya namna hiyo ikitoa mwanga wa kijani. Kampuni ikaunda kikosi chini ya George Inman, na kufikia 1938 tyubu zilikuwa madukani Marekani.

Ndani ya tyubu mna gesi ya agoni na zebaki kidogo sana. Umeme ukipita, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, nao ule unga mweupe huigeuza kuwa mwanga. Shida ni kwamba gesi iliyotulia haipitishi umeme. Inataka kusukumwa kwa volti nyingi kuliko zilizo ukutani. Tena ikishakubali, haina breki: ingevuta umeme hadi ijiharibu. Kwa hiyo wahandisi walihitaji vitu viwili, choki ya kuzuia na stata ya kuamsha.

Stata mimi naipenda kuliko kitu chochote kwenye taa hiyo. Ni kama ile programu ndogo inayoamsha kompyuta kisha inakaa pembeni. Ndani yake mna kichupa cha gesi na vipande viwili vya chuma, kimoja hupinda kikipata joto. Ukiwasha swichi, volti zote 240 huishia kwenye stata. Gesi yake inang'aa, chuma kinapinda, vipande vinagusana. Sasa umeme unapita kwenye nyuzi za ncha mbili za tyubu na kuzipasha moto. Lakini vipande vikigusana mng'ao unazimika, chuma kinapoa, vinaachana. Hapo choki, ambayo haipendi umeme ukatwe ghafla, inarusha teke la mamia ya volti, na tyubu inawaka. Tyubu ya futi 4 ikishawaka hubaki na volti kama 100 tu kati ya ncha zake. Hizo haziamshi stata tena, kwa hiyo inanyamaza. Teke lisipotosha, mzunguko unaanza upya. Kule kukonyeza ni programu inayojaribu tena na tena.

Wamarekani wenye volti 120 walipata taabu zaidi kwa tyubu ndefu, na kuanzia miaka ya 1950 wengi walihamia mifumo isiyo na stata. Sisi tuliorithi volti 240 za Waingereza tulibaki na choki rahisi na stata ya bei ndogo. Si hasara, nionavyo mimi.

Hapa Eldoret umeme wenyewe una historia. Kwenye Mto Sosiani kilijengwa katika miaka ya 1950 kituo kidogo cha megawati 0.4. Piga hesabu: hizo ni balbu 4,000 za wati 100, basi. Tyubu ya wati 40 pamoja na choki yake hula kama wati 50, kwa hiyo kituo hicho hicho kingewasha tyubu 8,000, na kila moja ikitoa mwanga karibu maradufu ya balbu. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954, kisha ikavutwa laini ya kutoka Tororo kwenda Nairobi ikipitia Lessos, jirani zetu. Turkwel ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Stima imeongezeka, lakini nyumba iliyo mwisho wa laini saa mbili usiku, kila mtu akipika, bado hupata volti pungufu. Ongeza baridi ya mji ulio mita 2,100 hivi juu ya bahari, na gesi inazidi kuwa ngumu kuamka.

Kwa hiyo kabla ya kununua tyubu, zima umeme kwenye swichi kuu, zungusha stata robo mzunguko uitoe, weka mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote. Ncha zikibaki na rangi ya machungwa bila kukonyeza, stata imegandana ndani. Ncha zikiwa nyeusi tititi na stata mpya haisaidii, hapo kweli tyubu imechoka. Na kama inasumbua usiku wa baridi tu, mwambie fundi aangalie waya wa athi: bati la taa lililounganishwa na athi husaidia gesi kuamka, na nimeona mengi yameachwa hivi hivi.

Siku za tyubu zinahesabika. Mkutano wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliofanyika Geneva mwaka 2023, uliamua utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu hizi ukome ifikapo mwisho wa 2027. Tyubu nyingi za LED zimetengenezwa kwa pini zile zile ili ziingie kwenye taa ya zamani yenye choki. Kwenye boksi lake mara nyingi utakuta kitu kinachofanana kabisa na stata. Usikitupe: ndani ni fyuzi tu, na ndicho kinachokaa mahali pa stata ya zamani.