Matembezi ya Hisani na Mbio za Wasiotafuta Ushindi

Matembezi ya hisani, yaani mwendo wa pamoja unaofanywa ili kuchangisha fedha kwa ajili ya wagonjwa, wenye njaa au mradi wa jamii, yamezoeleka mno katika miji ya Afrika Mashariki, na mara nyingi katika kundi linalotembea huwamo watu waliowahi kukimbia, wakaacha kwa miaka mingi, na ambao wanayatumia matembezi hayo kama hatua ya kwanza ya kurudi barabarani. Mkutano huo wa mchangiaji na mkimbiaji anayerejea unaonekana leo kuwa jambo la kawaida, ilhali desturi mbili zinazoukamilisha zina asili tofauti. Kutembea kwa kuchangisha kulipata umbo lake la kisasa katika miaka ya 1960 kutokana na kampeni za kupambana na njaa; kukimbia polepole kwa ajili ya afya, ambako wengi hukuita jogging, kulienea katika miaka hiyohiyo kutokana na hofu ya maradhi ya moyo. Nyuma ya yote mawili upo mchezo mkongwe zaidi, nao haukuwa na hisani yoyote ndani yake.

Mchezo huo ulikuwa kutembea kwa dau. Katika Uingereza ya karne ya 18 na ya 19 matajiri waliweka fedha juu ya swali la kama mtu fulani angeweza kumaliza umbali fulani kwa muda fulani, na watembeaji mahodari walipata umaarufu ambao siku hizi huwaendea wachezaji wa soka. Aliyevuma kuliko wengi alikuwa Kapteni Robert Barclay Allardice, ambaye kati ya tarehe 1 Juni na 12 Julai 1809, huko Newmarket, alitembea maili 1,000 katika saa 1,000 mfululizo, maili moja ndani ya kila saa, mchana na usiku, kwa dau la gini 1,000, gini ikiwa ni sarafu iliyokuwa na thamani ya shilingi 21 za wakati huo. Ugumu wa kazi hiyo haukuwa katika umbali, kwa kuwa maili 24 kwa siku si nyingi kwa mtu mwenye afya, bali katika usingizi uliokatwakatwa kwa muda wa wiki sita. Nchini Marekani, Edward Payson Weston alianza safari zake kwa dau la mzaha: alikuwa ametabiri kwamba Abraham Lincoln angeshindwa uchaguzi wa 1860, na kwa kukosea akalazimika kutembea kutoka Boston hadi Washington kuhudhuria kuapishwa kwake mwaka 1861, ambako alifika saa chache baada ya kiapo kwisha. Mtu huyohuyo ndiye aliyeanza kuugeuza mchezo huo, maana katika majira ya baridi ya 1883 hadi 1884 alitembea maili 5,000 nchini Uingereza kwa siku 100, akipumzika siku za Jumapili, na jioni alihutubia umma juu ya madhara ya pombe kwa niaba ya chama cha Kanisa la Uingereza cha kupinga ulevi. Miguu yake ikawa imepata dhamira nje ya ushindi wake mwenyewe, ingawa fedha zilikuwa bado hazijaifuata dhamira hiyo.

Fedha zilifuata pale Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, chini ya mkurugenzi wake mkuu B. R. Sen kutoka India, lilipozindua mwaka 1960 kampeni ya dunia ya kuondoa njaa na kuzihimiza nchi ziunde kamati zao za kitaifa. Kamati hizo, pamoja na makanisa na mashirika kama Oxfam, zilihitaji njia ya kuwashirikisha vijana na watoto wa shule, ambao walikuwa na nguvu nyingi na mifuko mitupu, na jibu likawa kadi ya ahadi. Mshiriki alipewa kadi yenye nafasi za majina, akazunguka kwa ndugu, majirani na wenye maduka, na kila mmoja akaandika kiasi ambacho angelipa kwa kila maili itakayotembewa. Baada ya matembezi, kadi iliyogongwa mhuri katika vituo vya njiani ilikuwa ushahidi wa umbali uliofikiwa, na mshiriki alirudi kwa wadhamini wake kukusanya walichoahidi. Nchini Kanada matembezi ya namna hii yalishika kasi mwaka 1967, nchi hiyo ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 ya shirikisho lake, na katika baadhi ya miji njia ilizidi maili 30. Nchini Marekani, tarehe 17 Oktoba 1969, watu wapatao 1,000 walitembea katika mji wa Bismarck, jimbo la North Dakota, wakakusanya dola 25,000 kwa ajili ya wenye njaa, na tukio hilo likawa chanzo cha matembezi ambayo makanisa ya nchi hiyo yanaendelea kuyaandaa.

Ukiitazama kadi hiyo kwa makini, hesabu yake ni ile ya dau la zamani, kwa maana fedha bado zinategemea umbali na mtembeaji bado anatazamwa iwapo atafika. Kilichobadilika ni upande wa mwenye fedha, ambaye zamani aliweza kuombea mtembeaji aanguke, na ambaye sasa amejifunga kulipa zaidi kadiri mtembeaji anavyofanikiwa. Zaidi ya hayo, kadi ilimweka kati ya mtoaji na mpokeaji mtu wa tatu, ambaye hatoi mali yake wala hapokei msaada, ila hutoa jasho kama dhamana ya uaminifu wa ombi lake. Wapo waliouliza kwa haki kwa nini mtu asitoe fedha moja kwa moja bila kumsumbua mtoto kutembea kutwa nzima. Waandaaji wangeweza kujibu kwamba ombi linaloambatana na taabu ya mwombaji ni gumu kukataliwa, na ujuzi huo haukuhitaji kuletwa Afrika Mashariki na mtu yeyote.

Mwaka uleule wa 1967 Tanzania nayo ilikuwa ikitembea, kwa sababu nyingine kabisa. Baada ya Azimio la Arusha, tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, kutangazwa mwezi Februari, vijana kutoka sehemu mbalimbali walianza safari za miguu za kuliunga mkono, ambazo ziliitwa matembezi ya mshikamano. Mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki dunia akiwa njiani kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, na jina lake likaingia katika kumbukumbu za taifa. Mwezi Oktoba Rais wa nchi, Mwalimu Julius Nyerere, mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza, umbali unaozidi kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa chama tawala, TANU. Hapakuwa na kadi wala mdhamini. Mwendo wenyewe ulikuwa hoja, kwamba siasa ya kujitegemea inaanza na miguu ya anayeihubiri, na tangu wakati huo kutembea hadharani nchini Tanzania kumebeba maana ya uzalendo ambayo hata matembezi ya hisani ya leo, yenye mgeni rasmi anayeongoza mstari wa mbele na hotuba mwishoni, hayajaiacha.

Upande wa fedha ulipata mwenyeji wake katika mchango, utaratibu wa ndugu na majirani kukusanya walichonacho kwa ajili ya msiba, harusi au matibabu, na nchini Kenya katika harambee, ambayo tangu uhuru ilijenga shule na zahanati kwa ahadi zilizotolewa mbele ya watu. Kwa jamii zilizozoea kutangaziana ahadi, kadi ya mtembeaji ilikuwa sura mpya ya jambo la zamani, na matembezi ya kupambana na njaa yalipoandaliwa nchini Kenya hayakuhitaji maelezo marefu.

Wakati huohuo historia ya pili, ile ya kukimbia polepole, ilikuwa ikiendelea mbali sana, Auckland, nchini New Zealand. Arthur Lydiard, kocha aliyewafundisha Peter Snell na Murray Halberg, washindi wa dhahabu katika Olimpiki ya Roma ya 1960, alianza kuwakusanya watu wa makamo, baadhi yao wakiwa wamepatwa na mshtuko wa moyo, wakimbie taratibu kwa kiwango cha kuweza kuzungumza bila kuhema. Kocha wa Marekani Bill Bowerman alipomtembelea mwishoni mwa 1962 alialikwa kukimbia na kundi hilo, akaachwa nyuma, na aliyekubali kubaki naye alikuwa mzee aliyepita umri wa miaka 70. Bowerman alirudi Oregon akaanzisha mazoezi kama hayo, na mwaka 1967 alitoa kitabu juu yake akishirikiana na daktari W. E. Harris. Hatua iliyofuata inamhusu zaidi mtu anayerejea: kuanzia 1974 Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich, alifundisha wanaoanza kukimbia kwa dakika chache na kutembea kwa dakika chache kwa kupokezana, badala ya kusubiri uchovu uwalazimishe kutembea. Sababu ya mbinu hiyo kufaa iko mwilini, kwa kuwa moyo na mapafu hurudisha uwezo wao mapema, ilhali kano, yaani nyuzi ngumu zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe, huhitaji muda mrefu zaidi kuzoea vishindo. Mkimbiaji wa zamani huumia hasa kwa sababu pumzi yake inamdanganya kwamba miguu nayo iko tayari.

Katika Tanzania wengi wa wanaorejea waliacha kukimbia walipoacha shule au jeshi. Mchakamchaka, mbio za pamoja za alfajiri zinazoendeshwa kwa nyimbo za kupokezana kati ya kiongozi na kundi, ulikuwa sehemu ya maisha ya Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, na ya shule nyingi za zama za elimu ya kujitegemea, na kwa kizazi hicho kukimbia hakukuwa starehe wala mashindano, kulikuwa wajibu wenye wimbo. Ndiyo maana mbio zisizo na mshindi, ambazo kwingineko zilihitaji kuhubiriwa, hapa zilikuwa kumbukumbu.

Historia hizo mbili ziliunganishwa hadharani tarehe 25 Mei 1986, katika tukio la Sport Aid lililoandaliwa kuisaidia Afrika baada ya ukame na njaa. Omar Khalifa, mkimbiaji wa Sudan, aliwasha mwenge katika kambi ya wahanga wa njaa nchini mwake, akaupitisha katika miji mikuu ya Ulaya na kuufikisha New York kwenye makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na mamilioni ya watu katika nchi nyingi wakakimbia au kutembea kwa wakati mmoja. Katika umati kama huo tofauti ya mtembeaji na mkimbiaji ilipoteza maana, na waandaaji waliofuata waliikubali hali hiyo kama kanuni. Mbio za hospitali ya Mater jijini Nairobi, zilizoanza 2003 kugharimia upasuaji wa moyo wa watoto, huitwa mbio ingawa wengi wanaovaa fulana zake hutembea na familia zao. Na Margaret Kenyatta, mke wa rais wa Kenya wa wakati huo, alimaliza marathoni ya London ya 2014 kwa muda uliozidi saa saba kidogo, akichangisha kwa ajili ya kliniki tembezi za mama na mtoto, bila mtu yeyote kudai kwamba muda huo ulipunguza thamani ya kazi yake.

Kwa upande wa fedha, fulana imechukua nafasi ya kadi. Mshiriki hulipa ada ya kujiandikisha, mara nyingi kwa simu, hupewa fulana na namba ya kifuani, na sehemu kubwa ya gharama hubebwa na benki na kampuni ambazo nembo zao huonekana mgongoni. Mbio za benki ya CRDB, zilizoanza 2020 jijini Dar es Salaam na kuchangia matibabu ya moyo ya watoto, ni mfano wa mpango huo. Umeleta fedha nyingi kwa usumbufu mdogo, lakini umemwondolea mtembeaji kazi iliyokuwa kiini cha desturi, ile ya kubisha hodi na kuomba. Kazi hiyo imebaki zaidi kwa klabu za jogging za mitaa ya Dar es Salaam na Zanzibar, ambazo wanachama wake hukimbia kwa sare na nyimbo zilizotokana na mchakamchaka, hualikana mtaa kwa mtaa, na hukusanya mchango wao wenyewe mwenzao anapougua au anapofiwa, bila ada ya kujiandikisha na bila mgeni rasmi.