Ramani ya kompyuta ndani ya pua: ilitoka wapi?

Sinuziti tunaijua: pua imeziba, uso unauma, kichwa kizito. Wengi hupona kwa dawa. Ugonjwa ukiwa sugu, waganga huweza kushauri upasuaji, na hapo familia huuliza kwanza: jicho litasalimika?

Swali hilo ni la haki. Kati ya jicho na vyumba vya hewa vya pua kuna mfupa mwembamba kama karatasi. Juu yake kuna ubongo. Nyuma kabisa unapita mshipa mkubwa wa damu.

Mwaka 1901, Mjerumani Hirschmann alichungulia vyumba hivyo kwa chombo cha kuangalia kibofu cha mkojo. Mwaka 1971, jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa skana ya Hounsfield. Miaka hiyo, huko Graz, Austria, Messerklinger aligundua kwamba ute wa sinusi una njia yake ya kutokea. Basi daktari afungue njia iliyoziba, asikwangue kila kitu. Stammberger na Kennedy walieneza upasuaji huo katika miaka ya 1980.

Lakini tatizo moja lilibaki. Picha ya skana ilitundikwa ukutani, na daktari alipaswa kuikumbuka huku damu ikifunika kioo cha kamera yake. Huko Aachen, Ujerumani, kikundi cha Schlöndorff kiliunganisha mkono wa chuma na kompyuta. Daktari anagusa alama usoni, kompyuta inazilinganisha na skana, kisha inaonyesha ncha ya chombo iko wapi. Baadaye mkono huo uliachia nafasi kamera za miale isiyoonekana na nguvu za sumaku.

Leo mashine hizo hukosea kwa milimita 2 hivi. Ule mfupa wa jicho hata milimita 1 haufiki! Tena picha ilipigwa kabla ya kukata. Haibadiliki nyama ikitolewa. Kwa hiyo mashine ni msaada, hasa kwa aliyekwisha kupasuliwa au mwenye uvimbe, lakini haishiki nafasi ya daktari anayejua kazi.

Kwenu mlio kambini, mashine hizo ziko mbali. Ila dalili za hatari hazingojei mashine. Mwenye sinuziti akivimba jicho, akiona vitu viwili-viwili, au akiumwa sana kichwa pamoja na homa na shingo kukakamaa, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.