Kubadilisha diski na plaketi za nyuma nyumbani: anza kwa kutambua freni ya mkono

Kama unaendesha gari mu Bukavu unajua mambo ya milima. Kushuka toka Kadutu mpaka karibu na ziwa, mguu unakaa ku freni kuliko ku mafuta. Njo maana plaketi zinaisha mapema hapa kwetu. Plaketi za mbele, madereva wengi wanazibadilisha wenyewe. Wanafikiri nyuma ni kazi ileile. Hapana, haiko ileile. Nyuma inabeba kazi mbili: kusimamisha gari, na kulishika likisimama ku mlima. Ukikosea hapo, gari linaweza kuondoka peke yake usiku.

Kwanza, jua freni yako ya mkono

Kabla ya kununua kitu chochote, tambua aina yake. Ziko tatu.

Ya kwanza ni tamburi ndogo ndani ya diski. Iko hivyo kwa Toyota RAV4 za 2006 mpaka 2012. Diski ni ya kina katikati kama sufuria, na mule ndani muko garnitiri mbili. Hapa pistoni ya etriye (kile chuma kinachobana diski) unaisukuma moja kwa moja.

Ya pili: kabo ya freni ya mkono inashikamana na etriye yenyewe, kama ku Volkswagen Golf 4. Hapa pistoni inazungushwa kama skuruu huku ukiisukuma. Ukiisukuma tu kwa nguvu, unavunja mashine ya ndani.

Ya tatu ni ya umeme, ile ya kubonyeza kibutoni. Mara nyingi lazima mashine ya diagnostiki irudishe mota nyuma kwanza. Kama huna mashine hiyo, umwachie fundi.

Zimeisha ao bado?

Plaketi ikibaki chini ya milimita 3, ibadilishe. Ku diski, tafuta maandishi «MIN TH» pamoja na namba: huo ndio unene wa mwisho unaoruhusiwa. Ikiwa chini ya hapo, ao ina nyufa, itoke. Na siku zote badilisha pande zote mbili, kuume na kushoto, la sivyo gari litavuta upande moja.

Mahali na usalama

Tafuta mahali palipo sawa. Katika Bukavu ni shida, lakini ku mteremko usijaribu. Ili diski itoke, freni ya mkono lazima iachiliwe. Kwa hiyo magurudumu ya mbele njo yanashika gari lote. Weka vitese ya kwanza (ao P), halafu mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Legeza buloni za gurudumu gari likiwa bado chini. Inua na kriki, kisha weka shandeli za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake. Tofali nalo usiliamini, linapasuka kwa mara moja.

Kazi yenyewe, kwa aina ya kwanza

1. Fungua buloni mbili za etriye. Itundike na waya ku resori. Isining'inie ku mpira wa mafuta ya freni.

2. Toa plaketi, ukiangalia namna zilivyokaa. Fungua pia chuma kinachozibeba.

3. Toa diski. Ikigoma, diski nyingi za Toyota zina matundu mawili yenye meno: ingiza buloni mbili, uzikaze kwa zamu, zitaisukuma. Kama garnitiri ndizo zinaishika, ziregeze kupitia tundu la kurekebishia.

4. Vumbi usiipulize, juu plaketi za zamani zinaweza kuwa na amianti. Pangusa na kitambaa chenye maji. Piga burosi kutu ya mahali diski inakaa, la sivyo pedali itatetemeka.

5. Diski mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe na maji na sabuni, uikaushe vizuri.

6. Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya freni, halafu sukuma pistoni polepole. Kama chupa imejaa, punguza kidogo: mafuta yale yakimwagika yanaharibu rangi ya gari.

7. Pini ambazo etriye inatelezea, zipake grisi ya freni. Grisi ya kawaida inaweza kuvimbisha mipira.

8. Rudisha vyote. Buloni za gurudumu zikaze kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Toyota nyingi zinaomba 103 Nm.

9. Kabla gurudumu halijarudi, kaza garnitiri kupitia lile tundu mpaka diski ishikwe, halafu legeza kidogo mpaka izunguke huru.

Kabla ya kuwasha moto

Hapa njo watu wanaanguka. Ulipoirudisha pistoni nyuma, ulifungua nafasi kati yake na plaketi. Pedali ya kwanza itaenda mpaka chini bila kushika kitu. Kwa hiyo kanyaga mara nyingi gari likiwa limesimama, mpaka pedali ikuwe ngumu. Angalia tena chupa ya mafuta.

Jaribu kwanza mahali pa sawa, mwendo wa mtu anayetembea. Kisha jaribu freni ya mkono ku kamteremko, jiwe likiwa karibu na gurudumu. Siku za kwanza plaketi bado hazijazoeana na diski: piga freni kwa utaratibu, na usishuke Ngomo siku ileile. Kisha kilometa 50 hivi, kaza tena buloni za magurudumu.

Ukiona mafuta yanavuja, mpira umepasuka, pistoni imekataa kurudi, ao pedali inabaki laini, gari lisitoke. Ita fundi.

Na hata kama kazi yote unamwachia fundi, muulize maswali matatu: freni ya mkono ni ya aina gani? Umebadilisha pande zote mbili? Pedali umeipiga mpaka ikakuwa ngumu? Fundi mzuri hatakasirika.