Wananchi Walipoulizwa Kuhusu Sheria Zao

Mandewa ni kata ya Manispaa ya Singida, katikati ya Tanzania, katika mji uliokaa karibu na maziwa ya Singidani na Kindai. Kama ilivyo katika kata nyingine nchini, hapo mwananchi hukutana na sheria kupitia mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, baraza la kata na mgambo. Mpaka wa shamba ukigombaniwa, au kijana akikamatwa usiku, hao ndio wa kwanza kuendewa. Bunge na Mahakama Kuu viko mbali. Kwa hiyo mtu wa kata akiulizwa kama sheria za nchi zinatosha na kama zinafuatwa, hujibu kwa yale aliyoyaona kwa macho yake. Serikali ya Tanzania imewauliza wananchi swali hilo mara kadhaa tangu uhuru. Ili kuyaelewa majibu yao, yatupasa kwanza kujua sheria hizo zilikujaje.

Wanyaturu, ambao ni wenyeji wa eneo la Singida, hawakuwa zamani na mtawala mmoja aliyewaamuru wote. Mashauri yalisikilizwa na wazee wa ukoo na wa kijiji. Utawala wa kikoloni ulihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na kujibu kwa niaba ya wengine, na hivyo watemi wakawekwa mahali ambapo cheo hicho hakikuwa na mizizi. Kuanzia 1926, Gavana Donald Cameron aliufanya utaratibu huo kuwa mfumo rasmi wa Tanganyika nzima: mtemi alikusanya kodi, alitoa amri ndogondogo na alikaa barazani kuhukumu waliozivunja. Mkamataji na mwamuzi wakawa mtu yule yule.

Udhaifu wa sheria ya kikoloni ulionekana waziwazi katika miaka ya 1940, Singida ilipokumbwa na mauaji yaliyodaiwa kufanywa na watu waliojifanya simba. Kesi ziliendeshwa na baadhi ya washtakiwa walinyongwa. Maelezo ya kisa hicho yamebishaniwa tangu wakati huo, lakini jambo moja ni dhahiri. Sheria ya Uchawi ya 1928 ilimwadhibu aliyejidai kuwa mchawi na pia aliyemtuhumu mwenzake kwa uchawi, ilhali wanakijiji wengi waliuona uchawi wenyewe kuwa ndio kosa kubwa. Serikali na raia hawakuwa wakizungumza juu ya uhalifu mmoja, na sheria isiyokubaliana na watu juu ya maana ya kosa hutiiwa kwa woga tu.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, wengi walitarajia mabadiliko, na kwa upande mmoja yalikuja. Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kisheria na mahakama za wenyeji zikaunganishwa na mahakama za nchi. Kwa upande mwingine, dola changa ilijiwekea mamlaka makali. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962 ilimruhusu Rais kumfunga mtu bila kesi. Sheria za wakuu wa mikoa na wa wilaya, zilizotungwa mwaka huo huo na kurekebishwa baadaye, ziliwapa viongozi hao wa kisiasa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Baadhi ya watu hueleza ukali huo kwa maasi ya wanajeshi ya Januari 1964. Hata hivyo, tarehe zinalikataa elezo hilo, kwani sheria ya kizuizini ilitangulia maasi. Maasi yanaweza kueleza kwa nini iliendelea kubaki, lakini hayawezi kueleza kwa nini ilitungwa. Sababu ya karibu zaidi ni kwamba watawala wapya walirithi kwa wakoloni imani kwamba kiongozi wa eneo hawezi kuongoza bila uwezo wa kukamata.

Mwaka 1969 serikali ilifanya jambo jipya. Kabla ya kutunga sheria moja ya ndoa kwa dini na makabila yote, ilitoa waraka wa mapendekezo na kuwaachia wananchi waujadili. Mabishano yalikuwa makali, hasa juu ya ndoa za wake wengi na haki za mke. Sheria ya Ndoa ilipitishwa 1971, na ilionyesha kwamba jambo zito la sheria linaweza kujadiliwa na umma bila nchi kuvunjika. Utaratibu huo, kwa bahati mbaya, haukufuatwa katika uamuzi mkubwa uliokuja baadaye. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha mamilioni ya watu, mara nyingi kwa nguvu, na Sheria ya Vijiji ilikuja 1975, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha hamishwa.

Matokeo ya kuanza na vitendo na kumalizia na sheria yalionekana tena 1983. Bidhaa zilikuwa zimeadimika, sabuni na sukari zikiuzwa kwa mlango wa nyuma, na Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwanza. Sheria ya kuwashtaki ilipitishwa baadaye, ikaundiwa chombo maalumu ambacho hakikuruhusu mawakili. Wanasheria walilalamika, na mwaka uliofuata sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine iliyorudisha kesi hizo mahakamani. Hata hivyo, wananchi wengi waliushangilia msako, na shangwe hiyo inahitaji maelezo. Wapo wanaosema umma haukujali haki za mtuhumiwa. Elezo lenye uzito zaidi ni kwamba kwa mara ya kwanza watu waliona mkono wa sheria ukimfikia mkubwa kama unavyomfikia mdogo.

Kiu hiyo hiyo ya kuona sheria ikifanya kazi ilizaa sungusungu, yaani vikundi vya ulinzi vya wanavijiji wenyewe. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umeongezeka baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979, silaha zilikuwa zimezagaa, na wanavijiji walilalamika kwamba mwizi aliyepelekwa polisi asubuhi alionekana kijijini jioni. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijiji vya Usukuma na Unyamwezi vilijiundia ulinzi wao, na ulinzi huo ukaenea mikoa ya jirani. Kuna wanaouona kama mila ya zamani iliyofufuka, na kuna wanaouona kama hukumu ya wananchi juu ya polisi na mahakama. Yote mawili yana ukweli, ila la pili ndilo linaloeleza kwa nini ulienea kwa kasi wakati ule hasa. Wizi ulipungua katika sehemu nyingi, lakini wapo walioteswa, na wazee, hasa wanawake, walituhumiwa uchawi na kufukuzwa. Mwaka 1989 Bunge liliwapa sungusungu uwezo wa kisheria wa kukamata. Kwa mara nyingine sheria ilifuata nyuma ya vitendo.

Wakati huo huo hatua mbili za kudumu zilichukuliwa. Marekebisho ya 1984 yaliingiza haki za msingi katika Katiba, na mahakama zikaanza kuzilinda mwaka 1988. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya 1985 nayo iliirudishia kata kazi ya kusuluhisha mashauri madogo mbele ya watu wanaofahamiana.

Swali kubwa zaidi liliulizwa 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuuliza kama nchi iendelee na chama kimoja. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Takribani asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 21 hivi walitaka vyama vingi. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na vikaruhusiwa rasmi 1992. Wapo wanaosema tume iliwapuuza wengi kwa shinikizo la dunia iliyokuwa ikibadilika baada ya Ukuta wa Berlin kuanguka. Tume yenyewe ilieleza kwamba wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka mabadiliko ndani yake. Ukiwaunganisha hao na waliotaka vyama vingi, waliotaka mambo yabaki vilevile walikuwa wachache.

Sehemu ya ripoti inayotuhusu zaidi hapa ni orodha ya sheria 40 ambazo tume ilizitaja kuwa kandamizi. Zilikuwamo sheria ya kizuizini, sheria ya kikoloni ya 1921 iliyoruhusu jamii nzima kuadhibiwa kwa kosa la wachache, na zile sheria za wakuu wa mikoa na wilaya za 1962. Vyama vingi viliruhusiwa ndani ya miezi michache. Orodha ya sheria ilishughulikiwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Sheria za 1962 zilifutwa 1997, lakini sheria mpya ya tawala za mikoa iliwaachia wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kumweka mtu ndani hadi saa 48. Jina la sheria lilibadilika, na mamlaka yaliyolalamikiwa yakabaki.

Mwaka 1996 Tume ya Kero ya Rushwa chini ya Joseph Warioba ilitofautisha anayepokea rushwa kwa sababu kipato hakimtoshi na anayepokea kwa tamaa. Ilionyesha pia kwamba vyombo vya kusimamia sheria, vikiwamo polisi na mahakama, vilikuwa miongoni mwa vinavyolalamikiwa zaidi. Kuanzia 2012 Warioba aliongoza tume nyingine, ya Mabadiliko ya Katiba, iliyozunguka nchi nzima. Bunge Maalumu lilibadilisha mengi katika rasimu yake, na kura ya maoni iliyopangwa kufanyika 30 Aprili 2015 iliahirishwa na haikufanyika.

Mambo mawili ya karibuni yanakamilisha mfululizo huu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyomruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani iliukubali uamuzi huo mwaka 2019, lakini mwaka mmoja uliotolewa kwa marekebisho ulipita bila vifungu hivyo kubadilishwa. Kisha, Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ilipowasilisha ripoti Julai mwaka huo, ilieleza malalamiko ya wananchi juu ya ukamataji, mateso na kubambikiwa kesi, na ikapendekeza wakuu wa mikoa na wilaya waondolewe uwezo wa kukamata. Lawama iliyoandikwa na tume ya Nyalali ilikuwa imerudi baada ya miaka zaidi ya 30.

Kwa nini basi sheria hazifuatwi ipasavyo? Baadhi husema sheria zenyewe ni mbaya au chache. Wengine husema wananchi hawana elimu ya sheria. Maelezo yote mawili yana msingi, kwani sheria mbaya zipo na kwa miaka mingi lugha ya Kiingereza ya mahakama iliwafungia wengi nje. Lakini tukifuata miaka kwa mpangilio, malalamiko yanayojirudia ni ya aina ya tatu: kwamba anayesimamia sheria hafungwi nayo. Watanzania husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Shangwe za 1983, sungusungu, na majibu yaliyotolewa mbele ya tume moja baada ya nyingine, yote yalikuwa madai kwamba msumeno huo ukate pande zote mbili.

Kutoka hapo linafuata jambo la kutenda. Kila tume inapomaliza kazi, wananchi waliotoa maoni wana haki ya kuelezwa, kwa Kiswahili na hadi ngazi ya kata, ni mapendekezo gani yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, kwa sababu gani, na lini utekelezaji utakamilika. Ripoti zimeandikwa za kutosha. Hesabu ya utekelezaji wake ndiyo wananchi hawajawahi kusomewa, na bila hesabu hiyo hawana sababu ya kuamini kwamba tume ijayo itawasikia zaidi ya zilizotangulia.