Muradi Uliopatikana Rabai

Ng'ambo ya kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, upande wa Nyali, pana kaburi la mwanamke wa Kizungu, Rosine Krapf, aliyefariki tarehe 13 Julai mwaka 1844, siku chache tu baada ya kujifungua mtoto wa kike, na mtoto naye hakukawia kumfuata mama yake. Alipojua kwamba homa haitamwacha, aliusia asizikwe kisiwani, bali avushwe bara, katika ardhi ya Wanyika, ndio hao tuwaitao leo Wamijikenda, ili kila mpita njia alionapo kaburi lile akumbuke jambo lililowatoa wageni wale kwao likawafikisha hapa. Mumewe, Johann Ludwig Krapf, alimzika kama alivyotaka, naye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Kisha akaiandikia jamaa ya misheni iliyomtuma, Church Missionary Society ya London, kuwa sasa wanalo kaburi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni alama ya kuwa wakati umewadia wa kuifanyia kazi nchi hiyo. Maneno hayo yametajwa mara nyingi na watu wa misheni kwa fahari, na mimi siyadharau. Lakini nikiyatazama maisha ya mtu huyu tangu mwanzo wake naona kwamba alipoyaandika alikuwa hajaijua bado kazi yenyewe, wala hakujua kwamba muradi atakaoupata katika pwani hii siyo ule aliotoka nao kwao.

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, nchi ya Württemberg, mtoto wa mkulima, na hapo alipoingia katika utumishi wa jamaa ile ya Waingereza hakutumwa kwetu hata kidogo. Alitumwa Uhabeshi, akafika mwaka 1837, akapata kukaa Shoa, na huko moyo wake ukashikwa na kaumu moja, nao ni Waoromo, ambao siku zile waliitwa Wagala. Aliamini kwamba wakiishika dini hao, wingi wao na ushujaa wao utaipeleka Injili hadi katikati ya bara. Njia ya Shoa ikafungwa mwaka 1842. Alipojaribu kurudi kwa upande wa Masawa, pamoja na Rosine ambaye alikuwa amemwoa karibuni huko Misri, mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani na kufa jangwani, nao wakamwita Eneba, yaani chozi katika lugha ya nchi ile. Ndipo alipoazimia kuwaendea Waoromo kwa upande wa kusini, akashuka na bahari mpaka Unguja. Basi Mombasa kwake haikuwa maskani. Ilikuwa mlango tu, tena mlango wa nyuma, wa nyumba aliyoitamani mahali pengine.

Na mlango huo alifunguliwa na Waislamu, jambo linalostahili kutajwa kwa taadhima kuliko linavyotajwa. Sayyid Said bin Sultan alimpokea Unguja mwezi wa Januari 1844, akampa waraka kwa maliwali wake wa pwani, akiwaarifu kwamba huyu ni mtu mwema atakaye kuwaongoza walimwengu kwa Mungu, basi wamtendee wema na kumsaidia kila aendako. Mombasa alipata ihsani nyingine, na kwa maoni yangu iliyo kubwa zaidi: Kadhi wa mji, Sheikh Ali bin Mohedin, alikubali kuketi naye na kumsaidia katika tafsiri ya kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, kazi iliyoanzwa mwezi wa Juni, wiki chache kabla ya msiba. Na afikiri msomaji jinsi baraza ile ilivyokuwa: mtu aliyevuka bahari ili afundishe dini ameketi mbele ya alimu wa dini nyingine kama mwanafunzi, akitafuta maneno ya kumtajia Mungu na kazi zake, na maneno yenyewe, roho na baraka na laana, ni yale ambayo Waswahili waliyapokea karne nyingi nyuma kutoka kwa Waarabu pamoja na Uislamu wao. Hakuwa na chombo kingine cha kusemea ila kile alichoazimwa na wenyeji.

Baada ya kumzika mkewe, mtu mwingine angalipanda jahazi la kwanza arudi kwao, na hapana ambaye angalimlaumu. Yeye alirudi kwenye maneno. Aliandika asubuhi na jioni, akiuliza mabaharia, watumwa, mashekhe na wanawake wa nyumba, akayatia daftarini maneno ya Kimvita na ya Kinyika na ya Kikamba. Sura tatu za kwanza za Mwanzo zikachapwa Marekani mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki, sarufi yake ikatoka Tübingen mwaka 1850, na kamusi kubwa ikachapwa London mwaka 1882, mwandishi akiwa keshafariki mwezi wa Novemba wa mwaka uliotangulia. Alizikusanya pia hati za tenzi, na miongoni mwazo utenzi wa vita vya Tambuka, akazipeleka Ujerumani zikahifadhiwa. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na hapa nakiri kwamba moyo wangu umegawanyika, kwa kuwa herufi hizo ndizo zilizotuwezesha wengi kusoma, nazo pia ndizo zilizowafanya wajukuu wa washairi wa Lamu na Pate washindwe kuisoma hati ya babu zao. Lakini insafu yataka tuseme kwamba aliyeyasababisha hayo ndiye pia aliyeokoa maneno ya Kimvita ambayo leo hata Mombasa hayasikiki tena.

Mwezi wa Juni 1846 akaja mwenziwe, Johannes Rebmann, kijana wa Gerlingen, mtu wa nchi moja naye, umri wake miaka 26. Wazee wa Rabai Mpya, huko bara kwa Wanyika, waliwapa ruhusa ya kujenga kilimani, na mwezi wa Agosti wawili hao wakapanda kwenda kuanzisha maskani yao, wote wana homa, wote hawawezi kwenda kwa miguu, na punda ni mmoja, ikawa huyu akipanda huyu hushuka, mpaka wakafika juu hali hawana nguvu za kusimama. Krapf alikiri baadaye kwamba ni nadra kazi ya misheni kuanzwa katika unyonge kama ule.

Watu wawili hawa walipendana, nao walikuwa mbali kwa tabia kama mashariki na magharibi. Krapf alikuwa na ndoto ya mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kuvuka bara zima mpaka bahari ya magharibi, na kila aliposimama macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda mbele. Mwezi wa Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, yule mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba, aliuona mlima ambao wenyeji wake walimtajia kwa jina lililokuja kuwa jina la nchi ya Kenya. Mwaka 1851 alirudi kwa Kivoi, wakaenda pamoja kuelekea mto Tana, na njiani wakashambuliwa na wanyang'anyi, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbilia porini peke yake. Alipoufikia mto hakuwa na kibuyu wala kiriba. Akazijaza maji mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani, na kwa maji hayo akatembea usiku na kujificha mchana, njaa ikimla, mpaka akawafikia watu. Mimi huona katika tukio lile kwamba chombo alichokichukua kwa kujilinda kilimfaa pale tu kilipoacha kuwa silaha. Mwaka 1853 afya ikamshinda, akarejea Ulaya. Alikuja tena mwaka 1862 kuwaonyesha njia Wamethodisti waliojenga Ribe, lakini hakukaa.

Rebmann naye alianza kwa safari. Alitoka Rabai mwaka 1848 kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyezijua njia za bara, huku mwenyewe amechukua mwavuli, na tarehe 11 Mei asubuhi akaona juu ya mlima Kilimanjaro weupe uliofanana na wingu. Akamwuliza mwenziwe kile ni kitu gani. Yule hakuwa na jina la kukiita, akasema ni baridi. Rebmann akafahamu mara moja kwamba ni theluji, kwa maana Kiswahili cha pwani, kilichokuwa na majina ya kila upepo na kila jahazi, hakikuwa na haja ya jina la kitu kile, na aliyeulizwa alilitaja lile alilolijua kwa mwili wake. Huko London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi zetu, alikana kwa miaka mingi kwamba theluji yaweza kuwapo karibu na Ikweta, na ukweli wa Rebmann haukuthibitika mbele ya wakubwa wa elimu mpaka Baron Carl Claus von der Decken alipokwenda mlimani baada ya mwaka 1860. Rebmann hakupiga kelele. Alikwenda tena Uchaga, Mangi Mamkinga wa Machame akamnyang'anya mali yake kwa hila ya zawadi, akarudi Rabai mikono mitupu, na tangu hapo safari zake za bara zikaisha.

Hapa ndipo watu wengi walioandika juu yake humwacha, wakidhani hadithi imekwisha. Mimi naona ndipo inapoanza. Mwaka 1856 ilitoka ramani aliyoifanya pamoja na mwenzao Jakob Erhardt kwa habari walizozipata kwa wasafiri wa misafara, ikionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya bara, na ijapokuwa ilikosea umbo, ilizidisha hamu ya Waingereza kuwatuma Richard Burton na John Speke kuyatafuta maziwa ya bara. Burton alipanda Rabai mwezi wa Januari 1857, na ilikuwa imetakiwa Rebmann afuatane naye. Mtu aliyekuwa wa kwanza wa Ulaya kuiona theluji ya Kilimanjaro, na aliyechora ramani iliyowaleta wale, alikataa heshima ya kuyaona maziwa, akabaki na shamba lake na daftari zake na watu wachache wa jirani. Wageni waliopita walimstaajabia, na wengine walimhurumia kama mtu aliyezikwa akiwa hai.

Nini kilichomweka pale? Hakikuwa hesabu ya waongofu. Wa kwanza alikuwa Mringe, Mnyika kilema, aliyebatizwa akaribiapo kufa. Kisha Abe Gunja, kisha wengine waliohesabika kwa vidole. Mkewe, Emma, aliyemwoa Misri mwaka 1851, alimzalia mtoto mmoja aliyekufa mchanga, naye mwenyewe akafariki Rabai mwaka 1866. Uvamizi wa Wamasai ulimtoa akakaa Unguja kwa muda, na ulipopungua akarudi kilimani pale pale. Kwa miaka 29 hakuiona Ulaya. Waliomtuma walikuwa na haki ya kumwuliza matunda, na naamini swali hilo lilimchoma kuliko homa.

Jawabu lake, kwa kadiri niwezavyo kulisoma katika kazi aliyoiacha, lilikuwa Salimini. Huyu alikuwa mtumwa, aliyetekwa katika nchi iliyo magharibi ya Ziwa Nyasa, akapitishwa mikononi mwa wafanyabiashara mpaka pwani. Kuanzia mwaka 1853 Rebmann aliketi naye akimwuliza maneno ya kwao, moja moja, la mvua, la mtama, la mkwe, la msiba. Tukumbuke mtumwa ni nani katika pwani ya siku zile: jina lake amepewa na bwana, kabila lake halimpi heshima, na lugha ya mama yake ni jambo la kuchekwa na watu wa mji, apendalo mwenyewe kulisahau upesi ili afanane na waungwana. Na huyu hapa mzungu anayemwambia kwamba yu tayari kukaa kwa miaka ili ajifunze lugha ile ile, na kwamba katika nyumba hii Salimini ndiye mwalimu. Hatuna maneno ya Salimini juu ya siku hizo. Tunayo maneno aliyoyafundisha.

Mwaka 1864 waliletwa Rabai Waafrika waliokombolewa baharini na kulelewa Nasik, Uhindi, miongoni mwao George David na William Jones, nao wakawa nguzo za kanisa la pwani. Mwaka 1875 likaanzishwa koloni la watumwa waliokombolewa pale Freretown, wakaja watu wengi na majengo na kengele. Mzee wa Rabai wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kipofu. Aliondoka mwaka ule ule, akisindikizwa na Isaac Nyondo, mwanafunzi wake mwenyeji, na mtu aliyeingia nchi hii akimtafutia mwenyeji njia ya wokovu alitoka humo akionyeshwa njia na mwenyeji, hatua kwa hatua, mpaka Ujerumani.

Alikwenda kukaa Korntal, alikokaa Krapf. Walikuwa wamekhitilafiana zamani, huyu akitaka kwenda mbele na yule akitaka kukaa, na sasa wote ni wazee, mmoja haoni. Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka 1876. Daftari zake zilibaki kwa Krapf, naye, mtu aliyekuwa na kamusi yake mwenyewe isiyokwisha, akaziweka kazi zake kando, akayapanga maneno ya mwenziwe, na mwaka 1877 kikachapwa huko St. Chrischona, karibu na Basel, kitabu cha lugha ya Kiniassa, nacho kimejaa maneno ya Salimini, aliyoyatamka kilimani Rabai zaidi ya miaka 20 nyuma, mbele ya mtu aliyekuwa bado anaona.