Mnawishaji na Mashine Yake

Murera, iliyo baina ya Ruiru na Thika nchini Kenya, ilikuwa hapo zamani nchi ya mashamba makubwa ya mkonge na kahawa, ambako watu walihesabiwa kwa kambi na si kwa nyumba. Lakini hasa tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilishwa mwaka 2012, na mji jirani wa Ruiru ukafikia watu 490,120 katika hesabu ya mwaka 2019, mashamba mengi yamekatwa viwanja, na palipokuwa na mistari ya mibuni pamesimama vituo vya petroli, hoteli, maduka na kumbi za arusi, ambavyo vyote havina budi kuwa na msala wa wageni. Katika misala hiyo, juu ya sinki, huonekana siku hizi kisanduku cha plastiki kilichotiwa ukutani, kisicho na kitufe wala mpini, ambacho mtu hukikingia kiganja naye akatiliwa tone la sabuni pasipo kukigusa.

Wengi hudhani kwamba jambo hili la kunawa bila ya kushika chombo lilizaliwa pamoja na umeme, na dhana hiyo si sahihi. Katika mwambao wetu, tangu zama ambazo hazikuandikiwa tarehe, mgeni aliyekirimiwa hakuachiwa ajichotee maji: kijana wa nyumba, au mtumishi, na katika nyumba za wakwasi wa zamani mtumwa, alimjia na birika katika mkono wa kulia na tasa katika mkono wa kushoto, kitambaa kikiwa begani, akaanza kwa mkubwa wa baraza na kuteremka kwa daraja za umri hata kwa watoto, akimimina kidogo kidogo na kusubiri viganja visuguane, na mgeni hakugusa birika wala tasa. Bara nako ada ni hiyo hiyo, ila vyombo vimebadilika; hata leo, palipo na arusi au matanga huko Murera, msichana hupita safu kwa safu na jagi na beseni la plastiki, na anayemiminiwa husema ahsante na kuikung'uta mikono. Taratibu hii ilikuwa safi kuliko ile ya birika la msikitini, ambako watu wengi walichota kwa kata moja iliyopita mikononi mwa wote. Msikiti mkubwa katika magofu ya Gedi, ambao mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, unaonyesha bado kisima na birika lake la udhu.

Sharti tumtazame vizuri huyu mnawishaji, maana yeye ndiye asili ya mashine yetu. Kazi yake haikuwa kumimina tu. Alipima kiasi cha maji, alijua nani bado hajanawa, alitambua mapema kwamba birika limepungua akarudi jikoni kulijaza, na maji machafu alikwenda kuyamwaga mwenyewe. Kila fundi aliyetaka kumwondoa mtu huyu alifanikiwa katika kumimina, akashindwa katika hayo mengine.

Wa kwanza ninayetaka kumtaja ni Ismail al-Jazari, mhandisi wa wafalme wa ukoo wa Artuq huko Diyarbakir, ambaye mwaka 1206 alikamilisha kitabu juu ya maarifa ya hila za kihandisi, na ndani yake akaeleza chombo cha kunawia chenye umbo la tausi. Mwenye kunawa huvuta kizibo kilicho mkiani, maji yakatoka mdomoni mwa ndege na kuangukia katika bakuli, kisha yakashuka ndani ya kitako kilicho na uwazi; humo mna kiboya, ambacho kikiinuliwa na yale maji machafu huvuta vipande vya mitambo, na mara mlango mdogo hufunguka, akatokeza sanamu wa mtumishi akiwa na kitu cha kusafishia mikono. Maji yakizidi kupanda, kiboya cha pili humtoa mtumishi wa pili akiwa na kitambaa cha kujifutia. Hapana umeme, hapana kamani: uchafu wenyewe wa mwenye kunawa ndio unaoiendesha kazi, na huo kwangu ni ustadi ambao wauza visanduku vya leo hawajaufikia. Lakini angalieni kwamba al-Jazari, japo aliweza kumwondoa mtumishi, alimchonga upya akamsimamisha mlangoni; na yule wa nyama na damu aliyelijaza tangi la tausi asubuhi, kitabu hakimwonyeshi.

Ulaya ilikuja baadaye kwa njia ya maradhi. Daktari Semmelweis aliwalazimisha madaktari wa Vienna kuosha mikono kwa maji ya klorini mwaka 1847, na vifo vya wazazi vikashuka, ila yeye hakushukuriwa. Huko Marekani, mwaka 1865, William Shepphard wa New York alipewa hataza ya sabuni ya maji, ambayo kwa zaidi ya miaka mia ilikaa katika majengo ya umma kuliko majumbani, hata kampuni ya Minnetonka ilipoipeleka madukani mwaka 1980 katika chupa yenye pampu. Mwenye kampuni, Robert Taylor, akiwahofia mahasimu wakubwa, aliagiza pampu milioni 100 kwa mkupuo mmoja, wengine wasipate za kununua.

Kwetu sabuni iliendelea kuwa kipande. Kampuni ya Bidco, ambayo jina lake wakazi wa Thika hawahitaji kuelezwa, iliingia katika utengenezaji wa sabuni mwaka 1985, kabla ya kufungua kiwanda chake cha mafuta Thika mwaka 1991. Kipande kina aibu zake, nazo ni kwamba huibwa, huanguka, na huachiwa povu jeusi la aliyetangulia. Ndipo shule na hoteli ndogo zikabuni hila zao, wengine wakikitoboa na kukifunga kwa kamba kwenye mfereji, wengine wakikitia katika wavu wa vitunguu na kuuning'iniza, na wengine wakitoboa kifuniko cha chupa ya soda kwa msumari wa moto ili sabuni ya maji itoke kwa kufinywa.

Kile kisanduku cha ukutani, chenye jicho, hufanya kazi hivi: hutoa miale ya infraredi isiyoonekana kwa macho, kiganja kikairudisha, kipokeaji kikaihisi, na mota ndogo ikaisukuma sabuni kwa kipimo. Mambo mawili huharibu mpango huo. Kwanza, ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache zaidi, na mwaka 2017 Mnaijeria Chukwuemeka Afigbo alieneza video ya kisanduku kilichomtilia sabuni mtu mweupe mara moja, kikaukataa mkono mweusi, kisha kikaikubali karatasi nyeupe. Aliyekisawazisha hakutujaribia sisi. Pili, sabuni iliyozimuliwa kwa maji, ambayo ni desturi ya wenye hoteli wengi wanaobana matumizi, huvuja ovyo katika pampu iliyoundwa kwa sabuni nzito.

Ilipotangazwa korona ya kwanza nchini tarehe 13 Machi 2020, hofu ya kushika mfereji iliingia hata katika vituo vya matatu, na mafundi wa jua kali hawakungoja visanduku vya ng'ambo. Walichomelea fremu za chuma zenye pedeli mbili, moja ya maji na moja ya sabuni. Mtoto wa miaka 9 wa Bungoma, Stephen Wamukota, alijitengenezea yake kwa mbao na misumari, akatunukiwa na Rais siku ya Madaraka mwaka ule. Fikira ya kukanyaga ilikuwa imekwisha kuenea vijijini kwa jina la kibuyu chirizi, dumu linaloinamishwa kwa kamba na kijiti cha mguu.

Kwa hiyo mwenye jengo Murera anayeuliza anunue kipi, jibu langu halianzii kwa jicho wala pedeli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulieleza kwamba kisanduku kimoja katika kila vinne hivi vya misala ya umma, vile vinavyomiminiwa sabuni juu ya sabuni, kilikutwa na vijidudu; basi achague chenye mfuko uliofungwa, au kama ni cha kumiminia, kiweze kuvuliwa na kukaushwa. Palipo na msongamano wa matatu na stima ikatikayo, pedeli hushinda betri. Palipo na mfanyakazi wa kudumu, jicho si vibaya, mradi lijaribiwe dukani kwa mkono wa mnunuzi mwenyewe na si kwa karatasi ya muuzaji, na ufunguo wa kujazia ukae kwa yule anayefagia msala, si kwa meneja ambaye Jumamosi yuko Nairobi.